UZI: "Pick up" kwa vijana wetu wa utalii Unguja na Pemba, hii "up" msiiache njiani

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Uzi mrefu huu, atakae asome kwa mafungu. Nauandika kwa vijana wetu wa gari, wa boti, wa mahotelini na dada zetu wa mapokezi, mana kila msimu wa wageni ukikaribia naletewa msg nisaidie kujibu na kosa ni moja lile lile. Kijana kaandika "I will pick you tomorrow" akaona kamaliza. Hajamaliza. Maneno hayo yalivyo, kamwambia mgeni kuwa kesho atamchagua, kama mtu anaechagua maembe sokoni Darajani. Wageni wengi watafahamu tu kwa vile wanajua wanangoja gari, lakini kuna siku hatofahamu, na mimi nshaiona siku hiyo kwa upande wangu, nikiwa mimi ndie nisiefahamu.

Mimi mzaliwa wa Wete. Nimeendesha gari za wageni hapa Unguja miaka 11, sasa nnasomesha kiingereza jioni nyumbani, wanafunzi wangu wengi madereva na watembeza wageni. Nieleze kwanza lililonipata.

Mwaka wangu wa mwanzo nlipewa kazi ya kumchukua mgeni mmoja hoteli ya pwani ya mashariki, bibi mtu mzima kapiga siku nne pale, nimlete Mjini. Tushatoka, tuko njiani, ananambia taratibu: "I think I picked something up at the hotel." Mimi wakati huo "pick up" nlikuwa naijua moja tu, kuokota. Nkafahamu kachukua kitu cha hoteli kwa bahati mbaya, labda funguo, labda taulo. Nkamwambia no problem, tutakirejesha, nkageuza gari. Yeye kaniona nageuza akadhani nampeleka kwa dakta alie karibu, akanyamaza, kajilaza kwenye siti. Tumefika hotelini namfungulia mlango namwambia anipe hicho kitu nkakirejeshe, ndo namtizama usoni, jasho linamtoka na mikono inamtetemeka. Alikuwa ananambia kuwa kaumwa, kuna maradhi kayapata pale. Saa nzima imetupotea na mtu ana homa. Alhamdulillah alitibiwa akapona na hakunilaumu hata kwa neno, lakini mimi usiku ule sikulala vizuri, na tokea hapo nkanunua daftari nkaanza kuandika kila "pick up" ninayoisikia na nani kaisema na alikuwa anataka nini.

Daftari hilo ndo uzi huu.

Kwanza tukubaliane kitu. Hizi "pick up", "drop off", "give up", "look after", wazungu wenyewe wameziita "phrasal verbs", jina lililotiwa kwenye maandishi mwaka 1925 na Logan Pearsall Smith, nae alisema kalipata kwa Henry Bradley aliekuwa mhariri wa kamusi ya Oxford. Jina ni la juzi juzi ila lugha yenyewe ya zamani sana, watu walikuwa wanasema hivyo karne na karne bila kuipa jina. Skuli zetu tumesomeshwa kama orodha: pick up = okota, give up = kata tamaa, mtihani unapita, orodha inasahaulika. Mimi naona pahala pa kuanzia ni kwenye kiswahili chetu wenyewe.

Tizama kiswahili kinavyofanya. Ziba ukitia mkia inakuwa zibua, maana imepinduka. Kunja, kunjua. Anika nguo, anua nguo mvua ikija. Funga, fungua, fungia, fungisha, kila mkia na kazi yake, na hakuna Mswahili hata mmoja anaesema "zib" akauacha mkia nyumbani. Kiingereza nacho kina mkia, ila mkia wake unakaa mbali kidogo na kitenzi, umesimama peke yake, ndo mana macho yetu yanauona kama kineno cha ziada kisicho na kazi. Ile "up" ni mkia wa neno. Ukisema "pick" peke yake ushasema neno jengine.

Na hili la neno jengine sisi tuna mfano mzuri kuliko hata wao. Mtoto wa Pemba anajua kuchuma ni kuchuma na kuokota ni kuokota. Mchumaji yuko juu ya mkarafuu anazitoa karafuu kwenye tawi. Chini wapo kina mama na watoto wanaokota zilizopukutika. Jioni watu wanakaa ukumbini wanachambua, makonyo (vile vijiti vya karafuu) mbali, karafuu mbali, na makonyo hayatupwi, yanakwenda kiwandani pale Wawi yakatolewe mafuta. Sasa kiingereza chake: alie juu ya mti "is picking cloves", walio chini "are picking up cloves". Umeona? Tofauti yote ya kuchuma na kuokota imebebwa na kile kineno kidogo. Nimewahi kumsikia mtembeza wageni kwenye shamba la viungo kule Kizimbani anasema "we pick up the cloves from the tree", wageni wanatizamana, wanatizama chini, wanatizama juu. Hapo "up" imetiwa pasipo pake. Kwa hiyo kosa lina pande mbili, kuiacha inapotakiwa na kuitia isipotakiwa, na ukiwa na picha ya mkarafuu kichwani hukosei tena.

Haya, pahala pa kuitia hiyo "up" na mtu unaemchukua. Hili nalo linasumbua. Vijana wanasema "I will pick up you". Hapana. Akiwa mtu katajwa kwa "you, him, her, them", au kitu kimeitwa "it", basi lazima akae katikati: "I'll pick you up", "pick it up". Tena hili sisi lisitushinde kabisa. Sema kwa kiswahili: nita-KU-pitia. Huyo KU kakaa wapi? Kakaa ndani ya kitenzi, katikati. Wewe mwenyewe ushazoea kumueka mtu katikati tokea unaanza kusema, fanya hivyo hivyo. Likiwa jina kamili una hiari, "pick up the guests" sawa na "pick the guests up" sawa. Ila jina likiwa refu, mfano wageni wawili Wataliana waliokosa boti ya asubuhi, liache nyuma, "pick up the two Italian guests who missed the morning ferry", mana ukiitupa "up" mwisho kabisa msikilizaji keshachoka kungoja.

Sasa maana zake. Sitoandika moja mbili tatu mpaka ishirini, mana ndo tulivyoharibiwa. Mimi naziona zina ukoo.

Ukoo wa mwanzo ni wa kuinama na kuinua. Kuokota kombe ufukweni, kuokota chupa za plastiki, mtoto kaanguka unamnyanyua, "pick him up". Simu nayo inatoka humu. Zile simu za zamani za mezani ilibidi uunyanyue mkono wake ndo usikie, basi wakasema "pick up the phone" na mpaka leo simu ziko mfukoni bado wanasema hivyo. Hapa naomba mnisikilize, huku kwetu Afrika Mashariki tumezoea kusema "pick my call". Wenyewe wanasema "answer my call", au "pick up" tupu bila kutia kitu mbele. "I called her but she didn't pick up", yaani nlimpigia hakupokea. Imeisha hapo, usiongeze.

Ukoo wa pili ndo mkubwa na ndo unaotulisha sisi. Mimi nauita ukoo wa NJIANI. Unapita, unakwenda zako, na kitu au mtu unakwenda nae. Kiswahili chetu kina neno lake zuri kabisa, kupitia. "Nitakupitia saa mbili" ndio hasa "I'll pick you up at 8". Si kuokota! Vijana wakitafsiri kichwani "nitakuokota" ndo wanaona aibu wanaikata "up" wabaki na "pick". Tafsirini "nitakupitia" aibu itaondoka. Na mwenzake wa kwenda nae ni "drop off", kumteremsha mtu anapokwenda, nayo pia msikate mkia, "I'll drop you" peke yake kuna mgeni atashtuka.

Na saa, jamani, saa. 8 yao ni saa mbili yetu. Andika 8, na utie "in the morning", usimuache mgeni abahatishe.

Pale uwanja wa ndege Kiembe Samaki utasikia pia "Who's meeting us?" na "Who's picking us up?" Ya kwanza anauliza nani atatupokea, yaani yule aliesimama na kibao chenye jina. Ya pili anauliza nani mwenye gari. Huenda ni mtu mmoja, huenda ni wawili, jibu lililoulizwa.

Humu humu njiani kuna kununua kitu kidogo. Mgeni anakutumia msg: "Could you pick up some water on the way?" Anataka upite dukani umchukulie maji, na hela atakupa, hakuombi bure. Nimemuona dereva kaikasirikia msg kama hiyo, kadhani anaambiwa abebe mizigo ya maji ya hoteli. Ni sawa na mama nyumbani anaposema ukirudi pita Darajani unichukulie mkate.

Na lugha pia inapatikana njiani. Yule mgeni wa Jambiani aliekaa miezi mitatu akaondoka anaamkia watu shikamoo na anasalimiana na kina mama wa mwani bila mkalimani, utaambiwa "she picked up some Swahili". Hakukaa darasani, kasikia sikia mpaka kikamuingia. Hapa pana jambo nataka mliangalie, kwetu ukimwambia mtu kiingereza chako umekiokota barabarani ni maneno ya kumdharau. Kwao "pick up" ya lugha haina dharau hata chembe, ni sifa. Mgeni akikuuliza "Where did you pick up your English?" anakusifu, muambie kwa furaha. Nakumbuka kijana mmoja wa Nungwi alinuna siku nzima kwa suali hili, na kiingereza chake kizuri kweli, kakipata kwa wageni na masikio yake mwenyewe, ni jambo la kujivunia.

Maradhi ndo hayo nshayaeleza juu. Unapita pahala, maradhi yanakunasa bila wewe kuyataka. "I picked up a bug", hapo "bug" ni maradhi madogo ya tumbo au homa, si mdudu. Dada zetu wa mapokezi hii waandike ukutani, akisema mgeni "I've picked something up" na uso umenyauka, muulizeni "Are you feeling sick?" kabla ya kitu chochote.

Ukoo wa tatu hauna mtu wa kuokota kabisa. Kitu chenyewe kinapanda, kinachangamka. Paje kule kwa wanaocheza na matiara ya upepo baharini, kusi likianza kukaza utasikia "The wind's picking up." Hakuna aliebeba upepo, upepo wenyewe unazidi. Nahodha anaetoa wageni lazima aijue hii, mana mgeni akikwambia hivyo mko katikati ya maji huwenda anakuuliza kwa adabu kama mrudi. Biashara vile vile: masika hoteli nyengine zinafunga, ikifika mwezi wa sita wa saba "business picks up", biashara inachangamka. Na mtu aliekosa raha akipata raha, "a cup of coffee picked me up", yaani kahawa imenichangamsha. Kikombe cha kahawa pale Jaws Corner jioni ndo hicho hicho.

Nyengine nazipitia mbio. "My phone can't pick up the network", simu haikamati, sisi tunasema kukamata wao wanasema "pick up", karibu sana. "I'll pick up the bill", nitalipa mimi kwa wote, kwa hiyo muhudumu akisikia hivyo ile karatasi ampe huyo huyo asiizungushe meza nzima. "Let's pick up where we left off", tuendelee tulipoishia. "Pick up after the children", kuondoa vitu walivyovitawanya watoto.

Na ipo moja lazima niiseme kwa heshima mana humu kuna dada na kaka zangu. "Pick up" ya mwanamme na mwanamke wasiojuana ni kutongoza na kuondoka nae. Kijana anasema kwa nia safi "Yesterday I picked up a girl in Nungwi", anataka kusema kampakia mteja, na waliomsikia wamefahamu chengine kabisa. Sema "I picked up a guest", au taja alikotoka na alikokwenda, "I picked her up from the airport and took her to Nungwi". Hapo haina shaka, ni kazi.

MUENDELEZO, najibu walionitumia masuali

Ndugu mmoja kauliza kwanini tusitumie "collect" tupu tukaondokana na tabu zote. Unaweza, "I'll collect you at 8" ni sahihi na Waingereza wanaitumia. Lakini ndugu yangu, wewe utasema "collect" na mgeni atakujibu "pick up", kwa hiyo lazima uijue kwa masikio hata kama ulimi wako hautaki. Kingine, wageni wetu wengi wala si Waingereza, ni Wataliana, Wajerumani, Wafaransa, Wapolendi, na wengi wao wanaijua "pick up" kuliko "collect" ya mtu.

Dada wa Chake anasema akiisoma anaifahamu ila wakisema haisikii. Kweli kabisa na si kosa lako. Wao hawatamki neno neno, wanayaunganisha. "Picked up" inatoka kama "piktap". "Pick it up" inatoka kama "pikitap", na Wamarekani wanailainisha inakuwa karibu na "pikidap". Zinafanana mno! Usihangaike kuzitenganisha kwa sauti tu, tega sikio kwa kilichotajwa kabla na baada yake, kama ni upepo, mtu, simu, au maradhi. Kinachookotwa ndo kitakwambia okota ipi. Mfano wa kwetu ni piga: piga pasi, piga simu, piga picha, piga deki, hakuna mtoto anaeuliza pasi imepigwa wapi, mana keshasikia "pasi".

Mwengine kauliza kuhusu pikapu, ile gari. Ndio neno lile lile, ila likiwa jina la kitu nguvu ya sauti inakaa mbele, PIK-ap, na likiwa kitendo nguvu inarudi nyuma, pik-AP. "Airport PICKup" ni huduma, "pick UP the guest" ni kazi unayoifanya. Ukiandika, kitendo kinakuwa maneno mawili, jina linakuwa moja au linatiwa kistari. Kwenye kibao cha gari yako andika "Airport pickup".

Na alieuliza "pick on" na "pick out": mkia mwengine, neno jengine. "Pick on" ni kumuonea mtu, kumchokoza kila siku. "Pick out" ni kuchagua kimoja kwenye vingi, mfano mgeni anachagua khanga dukani. Zisichanganywe na hii.

Suali la mwisho la leo ni la kijana anaeendesha gari, kanitumia msg aliyotaka kumpelekea mteja wake usiku huu, kaniruhusu niiweke. Aliandika hivi:

"Hello sir tomorrow i will pick you in hotel at 2 morning and drop you airport, if i arrive reception pick my call."

Kijana wangu, nia yako nzuri na adabu ipo. Lakini hiyo "2 morning" kwake ni saa nane ya usiku, ataamka usiku wa manane akae mapokezi na begi. "Pick you" tushaisema, "drop you" tushaisema, "pick my call" tushaisema. Na "if" umeitoa kwenye "ikiwa" ya kwetu, kwake inaonesha labda utafika labda hutofika, tia "when". Mpelekee hivi:

"Good evening, sir. I'll pick you up from your hotel tomorrow at 8 in the morning and drop you off at the airport. I'll call you when I'm at reception, so please pick up."

Itume sasa hivi kabla hajalala. Akikujibu "Could we pick up some spices on the way?" basi anataka mpitie Darajani, kwa hiyo muandikie muondoke saa moja na nusu, 7:30 yao, mana asubuhi gari pale zinasongamana.